Kuchagua Pikapu ya Kusukumia Theluji kama Kazi ya Ziada: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majira ya baridi yanapokaribia Maine, Minnesota au kaskazini mwa jimbo la New York, ndugu wengi wanaozungumza Kiswahili, ambao mchana wako kiwandani, hospitalini au ghalani, huanza kuulizia kazi ya kusukuma theluji alfajiri kabla ya zamu. Kazi hiyo ipo na malipo yake ni ya kweli, lakini gari lisilofaa humaliza faida yote kabla ya Februari. Majibu yafuatayo yanamlenga mtu anayetaka kuhudumia nyumba kumi hadi ishirini pamoja na maegesho madogo mawili matatu. Neno plau limetumika hapa kwa chombo chote kinachofungwa mbele ya gari, na neno bamba kwa ule uso wa chuma unaoisukuma theluji.

Je, nianze kwa kutafuta gari au kwa kutafuta wateja?

Anza na wateja, kisha plau, na gari liwe la mwisho. Wengi hufanya kinyume: huona pikapu nzuri inauzwa mwezi wa Oktoba, huichukua kwa mkopo, halafu Desemba hugundua kwamba majirani wao wote walikwisha kuafikiana na mtu mwingine tangu mwisho wa kiangazi. Aina ya wateja ndiyo inayoamua upana wa bamba, upana wa bamba ndio unaoamua uzito wa plau, na uzito wa plau ndio unaoamua ni gari gani litaibeba bila kuumia. Nyumba za mjini Portland au Lewiston, huko Maine, ambazo njia zake za kuingilia ni nyembamba na zimebanwa kati ya ukuta na uzio, zinahitaji gari fupi lenye bamba la futi saba na nusu. Maegesho ya kanisa au ya duka yanataka bamba la futi nane au zaidi, na gari zito la kulisukuma.

Theluji ni nyepesi mkononi. Kwa nini inahitaji gari zito?

Chukua njia ya kuingilia nyumbani yenye upana wa mita 3 na urefu wa mita 20. Theluji ya kina cha sentimita 20 juu yake ni mita za ujazo 12. Ikiwa ni theluji kavu ya Januari, ambayo mita moja ya ujazo huweza kuwa na kilo 100 hivi, mzigo huo ni tani moja na kilo mia mbili. Ikiwa ni theluji ya Machi iliyochanganyika na mvua, mita hiyo hiyo huweza kufika kilo 250, na njia ile ile sasa ina tani tatu. Zidisha kwa nyumba 15 upate tani 45 kwa usiku mmoja, na hapo bado hujagusa lile tuta gumu ambalo plau ya mji huliacha mlangoni mwa kila nyumba inapopita barabarani. Tuta hilo, lenye vipande vya barafu na chumvi, ndilo linalovunja magari. Mahali pengine gari hufanya kazi kwa utulivu.

Watu husema pikapu ya nusu tani, ya robo tatu tani na ya tani moja. Maana yake ni nini?

Ni majina ya zamani ambayo hayaelezi tena mzigo halisi, ila yamebaki kuwa njia ya kutaja daraja la gari. Nusu tani ni magari kama Ford F-150, Chevrolet Silverado 1500 na Ram 1500. Robo tatu tani ni F-250, Silverado 2500HD na Ram 2500. Tani moja ni F-350 na zile zenye namba 3500.

Kwa kazi iliyoelezwa hapa, ushauri wetu ni robo tatu tani yenye uwezo wa kuvuta kwa magurudumu yote manne, kabini fupi na injini ya petroli. Nusu tani inaweza kutosha ikiwa wateja hawafiki kumi, njia zao ni fupi, plau ni ile nyepesi iliyotengenezwa kwa daraja hilo, na kitabu cha gari kinaruhusu kufungwa plau. Tani moja ni gari zuri, lakini mara nyingi uzito wake wa juu unaoruhusiwa huvuka pauni 10,000, na juu ya kiwango hicho sheria za magari ya biashara huanza kuingia, zikitofautiana kati ya jimbo na jimbo. Leseni ya udereva wa malori makubwa, ile iitwayo CDL, haihitajiki kwa pikapu hizi, kwa kuwa huanza kwenye pauni 26,001.

Nitajuaje kama gari litaibeba plau ninayoitaka?

Hili ndilo swali kubwa kuliko yote, na jibu lake halimo katika nguvu za injini ambazo wauzaji hupenda kuzitangaza. Watengenezaji wa plau kama Fisher na Western huelekeza kwamba mwendo wa kusukuma usizidi maili 10 kwa saa, na katika mwendo huo injini yoyote ya kisasa ya pikapu kubwa inatosha. Kinachochoka ni ekseli ya mbele, yaani mhimili unaobeba magurudumu ya mbele.

Fungua mlango wa dereva utazame kibandiko kilicho kwenye nguzo ya mlango. Andika namba mbili. Ya kwanza iko karibu na herufi GVWR, nayo ni uzito wa juu kabisa wa gari pamoja na kila kitu kilichomo. Ya pili iko karibu na herufi GAWR FRT, nayo ni uzito wa juu kabisa unaoruhusiwa kuikalia ekseli ya mbele. Kisha lipeleke gari kwenye mizani ya malori, ambayo hupatikana katika vituo vikubwa vya mafuta kandokando ya barabara kuu, likiwa na tangi lililojaa na wewe ukiwa umekaa ndani, ukapime ekseli ya mbele peke yake. Tofauti kati ya kipimo hicho na namba ya kibandiko ndiyo nafasi uliyo nayo.

Tahadhari ni kwamba plau haikai juu ya ekseli, bali huning'inia mbele yake kama ndoo kwenye ncha ya mzega. Tuseme plau ina pauni 750, kitovu cha uzito wake kiko futi 4 mbele ya ekseli ya mbele, na ekseli mbili za gari zimeachana kwa futi 12. Ekseli ya mbele haitaongezewa pauni 750 tu. Itaongezewa pauni 1,000, yaani zile 750 pamoja na theluthi yake, na wakati huo huo ekseli ya nyuma itapungukiwa pauni 250. Ndiyo sababu pikapu iliyofungwa plau bila kitu nyuma huinamisha pua, huteleza nyuma kwenye barafu, na hufunga breki vibaya.

Dawa yake ni ndoo ya pili ya mzega. Weka uzito nyuma ya ekseli ya nyuma, karibu na mlango wa bodi. Mifuko ya mchanga yenye jumla ya pauni 600, ikikaa futi 3 nyuma ya ekseli hiyo, huiondolea ekseli ya mbele pauni 150. Uzito huo ni lazima ufungwe barabara, kwa maana mfuko usiofungwa hurukia dirisha la nyuma la kabini siku bamba linapogonga kifuniko cha shimo la maji taka. Vilevile gari zima, pamoja na plau, mchanga, mafuta na watu, lisivuke namba ya GVWR. Fisher na Western wana vikokotoo kwenye tovuti zao ambavyo hukuonyesha plau zinazokubalika kwa gari unalolitaja. Ni vyema kuvitumia, lakini mizani ni shahidi bora zaidi.

Je, nikiongeza springi nzito mbele, gari dogo halitaweza plau kubwa?

Halitaweza. Springi nzito, au mipira ya kusaidia springi, huzuia pua isiiname, lakini haiongezi hata pauni moja kwenye kibandiko, kwa sababu beringi, boljointi (viungo vinavyoshika magurudumu ya mbele), breki na ekseli yenyewe vimebaki vilevile.

Nimeizoea Hilux tangu nyumbani. Je, Toyota itafaa?

Wengi wetu tumeona Hilux ikibeba mizigo ambayo hakuna kitabu kingeiruhusu, na imani hiyo ina msingi wake. Hata hivyo Hilux haiuzwi Marekani. Tangu 1995 nafasi yake imeshikwa na Tacoma, ambayo ni gari jingine, lililoundwa zaidi kwa safari na starehe. Tundra ni kubwa kuliko Tacoma lakini iko katika daraja la nusu tani, na Toyota haiuzi huko pikapu ya robo tatu tani. Mtu mwenye Tacoma anaweza kusafisha njia yake na ya jirani kwa plau nyepesi, ikiwa kitabu cha gari hakikatazi. Kuifanya iwe gari la kazi kwa nyumba kumi na tano ni kuionea.

Kati ya Ford, Ram, na Chevrolet au GMC, ipi bora?

Tofauti iliyo wazi iko chini ya pua. Ford Super Duty na Ram 2500 zenye kuvuta kwa magurudumu manne zina ekseli ngumu ya mbele, kipande kimoja kutoka gurudumu hadi gurudumu, pamoja na springi za koili. Chevrolet na GMC za daraja hilo zina magurudumu ya mbele yanayojitegemea, yakishikwa na fito za chuma zinazojisokota badala ya koili. Ekseli ngumu ni rahisi kuielewa na kuikarabati. Mfumo wa fito ni laini zaidi barabarani, na fundi anaweza kuinua pua kidogo kwa kukaza fito. Magari yote haya yamesukuma theluji kwa miaka mingi, na hali ya gari lililo mbele yako ina uzito kuliko jina lake.

Jambo la kutafuta ni kama gari lilitoka kiwandani likiwa limeandaliwa kwa plau. GM, kampuni inayotengeneza Chevrolet na GMC, huitambua kwa msimbo VYU, Ford Super Duty kwa msimbo 473, na Ram huiita Snow Chief. Maandalizi hayo kwa kawaida huja na springi nzito zaidi mbele na oltaneta (mashine inayochaji betri) kubwa zaidi. Katika gari za GM za miaka ya nyuma, kibandiko cha misimbo kimo ndani ya kisanduku cha dashibodi, kwa hiyo ni dakika moja tu kuhakikisha.

Dizeli au petroli?

Petroli. Injini ya dizeli ni nzito kwa mamia ya pauni, na uzito wote huo unakalia ile ekseli ya mbele ambayo unaitafutia nafasi. Zaidi ya hapo, mafuta ya dizeli huganda kama samli kwenye baridi kali yasipotiwa dawa, na kichujio cha moshi cha injini za kisasa hakipendi kazi ya kusimama na kuondoka usiku kucha. Dizeli ina maana kwa mtu anayevuta trela nzito kiangazi kizima.

Giaboksi ya otomatiki itastahimili?

Itastahimili ukiitendea haki. Kusukuma theluji ni kwenda mbele na kurudi nyuma mara mamia kwa usiku, na kinachoiua giaboksi ni kubadilisha gia kabla magurudumu hayajasimama kabisa. Tumia gia ya chini ya magurudumu manne kwenye matuta mazito, hakikisha gari lina kipoza mafuta ya giaboksi, na ubadilishe mafuta hayo mapema kuliko kitabu kinavyosema kwa gari la kawaida.

Nichague bamba la aina gani?

Bamba lililonyooka ni la bei nafuu, lina vipuri vichache, na linatosha kwa nyumba. Bamba lenye umbo la V, ambalo mabawa yake mawili hujikunja mbele au nyuma, hulichana tuta gumu kwa urahisi na kuizoa theluji bila kuimwaga pembeni, lakini ni ghali na ni zito zaidi. Mtu wa msimu wa kwanza aanze na lililonyooka.

Uliza pia bamba hufanya nini linapogonga kitu kilichofichwa. Katika baadhi, bamba zima huinamia mbele. Katika nyingine, kama zile ambazo Fisher wa Rockland, Maine, wanajulikana kwazo, ni ukingo wa chini tu unaojikunja, na theluji iliyokwisha kukusanywa haimwagiki. Kwenye mji wenye njia za miguu zilizoinuka na vifuniko vya mashimo, ukingo unaojikunja una faida ya wazi. Kwa njia za kokoto, utahitaji kuinua bamba kidogo kwa viatu vyake vya chini mpaka ardhi igande, la sivyo Aprili utaitwa kuondoa kokoto za mteja kwenye bustani yake.

Nikinunua gari lililotumika, nikague nini?

Anza chini, tena kwa magoti. Pikapu ya kwanza niliyoinunua nilisikiliza injini, nikaendesha barabarani, nikaridhika na rangi yake. Miezi mitatu baadaye, kwenye ukaguzi wa mwaka ambao jimbo la Maine hulazimisha, fundi aliichoma fremu kwa bisibisi karibu na springi ya nyuma na bisibisi ikapita. Chumvi ya barabarani ilikuwa imeila kutokea ndani, na muuzaji alikuwa ameipaka rangi nyeusi juu yake. Fedha ile haikurudi.

Tangu hapo sinunui gari bila nyundo ndogo na tochi. Gonga fremu kila inchi chache, hasa juu ya ekseli ya nyuma na mahali zinaposhikwa springi: chuma kizima hulia, kilichooza hutoa sauti ya bati. Rangi nyeusi mbichi upande wa chini peke yake ni sababu ya kushuku. Fuata mabomba ya breki na ya mafuta kwa urefu wote. Inua gurudumu la mbele ulitikise kusikia boljointi na beringi. Vuta kijiti cha mafuta ya giaboksi, kama kipo: mafuta yakiwa meusi na yananuka kuungua, ondoka.

Gari linalouzwa pamoja na plau yake mara nyingi ni nafuu kuliko kununua kimoja kimoja, kwa kuwa kila aina ya gari inahitaji vishikizo na nyaya zake maalumu, na vitu hivyo vikinunuliwa vipya huweza kuzidi bei ya plau kuukuu. Mwombe muuzaji aifunge na kuifungua plau mbele yako, aigeuze kushoto na kulia, aiinue na kuishusha, kisha aiache imeinuliwa kwa dakika kumi. Ikishuka yenyewe, haidroliki, yaani mfumo wa mafuta unaoiinua plau, inavuja. Usiingize mkono wala mguu chini ya bamba lililoinuliwa wakati wa ukaguzi huo.

Ukishalinunua, lipuliziwe mafuta ya kuzuia kutu upande wa chini kila vuli, kabla chumvi haijaanza kumwagwa.

Vipi kuhusu betri na matairi?

Pampu ya plau huvuta umeme mwingi kwa vipindi vifupi, huku taa, feni ya joto na wipa zikiwa zote zinafanya kazi. Betri dhaifu itakuacha kwa mteja wa nne. Weka betri mpya yenye nguvu kubwa ya kuwasha kwenye baridi, na uhakikishe oltaneta ni ile kubwa. Matairi yawe ya majira ya baridi, ya daraja la mzigo E, na yasiwe mapana mno, kwa sababu tairi jembamba hupenya theluji na kuifikia lami.

Bima ya gari langu ya kawaida inatosha?

Kwa kawaida haitoshi. Bima nyingi za gari la familia haziihusishi kazi ya kulipwa ya kusukuma theluji, na kampuni ina haki ya kukataa kulipa ikigundua plau ilikuwa kazini. Unahitaji bima ya gari la biashara, na pia bima ya madai ya watu wengine, kwa sababu mtu akiteleza kwenye maegesho uliyoyasafisha anaweza kukudai wewe. Mwambie wakala wako ukweli wote kabla ya theluji ya kwanza, upate bei kwa maandishi, na uijumlishe kwenye hesabu yako kabla hujamtajia mteja bei.

Kuna kodi au kibali ninachopaswa kuwa nacho?

Kwa mtu aliyeko Marekani, kipato halisi cha kujiajiri kikifika dola 400 kwa mwaka kinapaswa kutangazwa, nacho hutozwa kodi ya kujiajiri ya asilimia 15.3 pamoja na kodi ya kawaida ya mapato. Tunza risiti za mafuta, vipuri na bima, na uandike maili za kazi, kwa sababu gharama hizo hupunguza kiasi kinachotozwa.

Jambo hili tunalisema kwa uzito kwa wale ambao bado wanasubiri majibu ya hifadhi: kujiajiri pia ni kazi. Asiye na kibali cha kufanya kazi asidhani kwamba kulipwa taslimu na jirani kunamtoa nje ya sheria, kwani kufanya hivyo kunaweza kuathiri ombi lake. Azungumze kwanza na mwanasheria wa uhamiaji.

Ninaruhusiwa kuisukumia theluji wapi?

Ibaki kwenye kiwanja cha mteja. Maine na Minnesota, kwa mfano, zinakataza kuacha barabarani theluji iliyotolewa kwenye kiwanja cha mtu, na kuivusha ng'ambo ya barabara huacha tuta dogo ambalo huganda na kumrusha dereva anayefuata. Usifunike bomba la zimamoto, wala bomba la kutolea moshi wa tanuru ubavuni mwa nyumba, kwa sababu gesi ya sumu itarudi ndani watu wakiwa wamelala. Tembelea kila nyumba mwezi wa Novemba pamoja na mwenyewe, ukubaliane naye pa kurundika, na uchomeke vijiti vya alama kandokando ya njia kabla ardhi haijaganda.

Je, naweza kulitumia gari hilo hilo kwenda kazini?

Unaweza, na wengi hufanya hivyo, lakini panga saa zako kwa uangalifu. Theluji ikiisha saa kumi alfajiri na zamu yako inaanza saa moja asubuhi, huwezi kumaliza nyumba ishirini. Hesabu dakika kumi na tano kwa nyumba pamoja na safari, uone ni ngapi zinaingia katika saa tatu. Ni kumi na mbili, na hapo hakuna kilichoharibika. Ukiwa barabarani na plau, usizidi maili 45 kwa saa, na utazame kipimo cha joto la injini, kwa sababu bamba lililoinuliwa huziba upepo wa rejeta. Likigeuzwa pembe kidogo au kushushwa inchi chache, joto hupungua. Siku zisizo na theluji ivue plau, uiache juu ya mbao.

Afikiana mapema na msukumaji mwingine wa jirani, kila mmoja awe tayari kuchukua wateja wa mwenzake gari likikwama. Ndani ya kabini weka mpira mmoja wa haidroliki wa akiba, chupa ya mafuta yake, pini mbili, spana zinazoingia kwenye bolti za plau, koleo na glavu za pili zilizo kavu.